Wasifu wa Mwalimu Enoka Magige, Aliyefundisha Sayansi na Dini

Tumekuja Nyegina kumzika Mwalimu Enoka Magige katika ardhi alikozaliwa Machi 1931.

Alibatizwa akiwa mchanga, akasoma shule ya misheni hapa hapa, kisha seminari. Seminari aliiacha mwaka wa tatu, si kwa utovu wa nidhamu bali kwa maswali. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1954.

Alianza kazi Butiama, akifundisha Sayansi na Dini kwa darasa lile lile. Siku moja mwanafunzi wake, Bhoke, alimbana: "Mwalimu, kwenye Sayansi unasemaga mvua inatoka ziwani. Kwenye Dini unasemaga inatoka kwa Mungu. Sasa tuandike ipi?"

"Kila moja iandike kwenye mtihani wake. Halafu ukilowa njiani, jiulize hayo majibu mawili yanakaaje nyumba moja. Hiyo ndiyo falsafa, na haina maksi."

"Basi ya nini, Mwalimu?" Darasa likacheka, na yeye akacheka.

Mwaka 1958 alimwoa Getruda Mhoja wa Kibara. Baada ya kungoja sana walimpata Wankyo, mtoto wao wa pekee. Mwaka 1974 walihamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Bunda. Mvua zilianza nyumba hazijaezekwa. Wankyo alishikwa na surua, akafariki akiwa na miaka saba.

Matangani mganga wa zahanati alieleza ugonjwa. Katekista alisema Mungu amemchagua. Getruda akamgeukia mumewe mbele ya watu: "Wewe wa vitabu, kwa nini yeye?"

"Surua najua inavyoua. Mungu namwamini. Kwa nini yeye, mama Wankyo, sijui."

"Hata uongo mdogo wa kunifariji huna?"

Matanga yalipoisha Getruda alirudi kwao Kibara. Mwalimu alihamia Nyasura, akaishi peke yake, akifundisha na kujipikia.

Aprili mwaka huu, 1979, alianza kuugua ini, akalazwa Musoma. Getruda alifika bila kuitwa. Alimwogesha, akamnywesha uji. Jioni moja alimwuliza, "Baba Wankyo, tutamwona mtoto?"

"Natumaini."

"Unajua?"

"Hapana. Natumaini."

Getruda aliweka kikombe cha uji chini. "Haya, tutumaini wote. Sogea nikugeuze."

Alifariki tarehe 14 Agosti, Getruda akiwa kando yake.

Ameacha mdogo wake, Hyasinta, anayesoma wasifu huu. Baadhi ya ndugu walitaka Getruda atajwe kama mzazi mwenzake tu. Getruda mwenyewe amekataa, anasema hawakuachana. Basi ifahamike kwamba Mwalimu ameacha mjane.

Mungu aliyemtumaini ampe pumziko la amani.