Bi Kuruthumu Mwinjuma wa Baraza la Kugawana

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Kuruthumu Mwinjuma, mkaguzi wa mlango wa kutokea wa Ghala la Jumla la Mwambao hapa Bagamoyo, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Aliajiriwa mwaka 1998 kufagia. Mwaka wa tatu akapewa kiti, kalamu nyekundu na kazi isiyompendeza mteja yeyote: kumsimamisha mtu aliyekwisha kupanga foleni na kulipa, na kumhesabia upya kila kilichomo kwenye toroli.

Wateja walimnunia, na walikuwa na haki kidogo. Ghala kama letu huuza kwa katoni na gunia, na bei nafuu humpumbaza hata mtu mzima. Huingia akitafuta chumvi, akatoka na dawa ya meno ya kumfikisha uzeeni. Bwana mmoja wa Mkange alinunua ndoo ya lita ishirini ya sosi ya nyanya. Kesho yake mkewe akairudisha kwa basi, amenuna njia nzima. Bi Kuruthumu aliichungulia ndoo, akauliza, "Mama, mumeo alialika jeshi?"

Lakini kazi yake hasa haikuwamo kwenye barua ya ajira. Pembeni mwa mlango kuna baraza la saruji, na hapo, kwa mzani wa kuazima, alianza kuwakutanisha watu waliotaka nusu. Mwenye uwezo wa nusu gunia alikaa barazani akisubiri. Akitokea mwingine wa nusu, Bi Kuruthumu aliwatambulisha, wakanunua pamoja, wakapima, wakaagana. Wengi hawakuwa wamewahi kuonana.

Mara moja alikosea. Aliwakutanisha Bi Raya wa Msata na Bi Adila wa hapa mjini wagawane gunia la mchele. Mazungumzo yalikwenda vizuri hadi Bi Raya alipomtaja mumewe, Masoud, dereva wa lori la mchanga.

"Shoga, wangu naye Masoud," akasema Bi Adila. "Naye lori la mchanga."

Watu wote barazani wakageuka kuwatazama. Hakuna kati ya wanawake hao wawili aliyejua kuwa ana mke mwenza. Bi Kuruthumu akausogeza mzani mbele. "Haya, pimeni mchele kwanza. Huyo mtamgawana baadaye."

Wanawake hao wananunua pamoja mwaka wa kumi na moja sasa. Masoud hatujamwona ghalani tangu siku hiyo.

Mwezi Machi uongozi ulitangaza kwamba nafasi ya Bi Kuruthumu haitajazwa, mlango utawekewa mashine, na baraza litazungushiwa uzio kuanzia Julai mosi kwa kuwa wanaogawana wanaziba njia. Kamati ya kumuaga ilipomuuliza anataka zawadi gani, alisema hataki kitenge wala friji. Anataka baraza libaki. Mwaija, mkaanga maandazi wa Mlingotini, ambaye huchukua robo gunia la ngano kila wiki, alikuja na wasiwasi wake: "Na robo yangu nitaipata wapi, da Kuruthumu?"

"Ngoja kwanza," akamjibu. "Nimewaomba wenzangu."

Wenzake ni sisi. Barua ya kuomba baraza libaki ilipita mikononi mwa wafanyakazi sitini na wawili, ikarudi na sahihi nne. Ya nne ni yangu, mtunza stoo, na niliitia siku ya tisa. Kwa mtu kama mimi, niliyefukuzwa kwetu na kuanza upya katika mji wa watu, kalamu huwa nzito: naogopa kufukuzwa tena. Uongozi ulizitazama sahihi nne, ukajibu kwa mstari mmoja. Mafundi wamekwisha kuchimba mashimo ya nguzo.

Hakutulaumu. Wiki hii yote amefika saa moja kasorobo kama kawaida yake, akakagua risiti, akamwambia kila aliyekaa barazani, kwa sauti ya chini, asije tena baada ya mwezi huu. Mwaija alimsikiliza hadi mwisho.

"Basi andazi litapungua," akasema, akajitwika robo yake, akaondoka.

Bi Kuruthumu, tunakushukuru kwa miaka ishirini na saba, na tunakuomba radhi kwa sahihi hamsini na nane zilizokosekana. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, usingizi mwema, na majirani wenye moyo kuliko tuliokuwa nao sisi.