Mashine ya Vipande Arobaini na Kimoja

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, mafundi wa Bondeni, na nyinyi nyote mlioacha kazi zenu kuja kutusitiri, mimi ni Jerop, dada mdogo wa Micah, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa mzee mmoja wa kwetu alisema kazi hii si ya mwanamke, nikamjibu kwamba Micah mwenyewe ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa hivyo nitasoma.

Micah Kimaiyo arap Tanui alizaliwa Molo mwaka wa 1919, katika shamba la mzungu ambako baba yetu alichunga ng'ombe, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na siku yenyewe hatuijui, lakini mama alituambia ilikuwa wiki ya baridi iliyounguza viazi vyote. Aliingia shule ya misheni Januari 1928, akasoma hadi darasa la nne, Desemba 1931, ndipo mwenye shamba akaagiza vijana wote wa hapo watoke shuleni waje kazini, na Micah akapewa kopo la oili apake mashine. Mwezi wa pili alifungua mashine ya kusaga mahindi aone ndani kuna nini, akachapwa viboko, akairudisha ilivyokuwa, na tangu siku hiyo ilisaga bila kupiga kelele.

Februari 1941 alichukuliwa jeshini, akapelekwa Misri kwenye karakana ya malori, na huko akajifunza kukereza, yaani kufunga chuma kwenye mashine inayokizungusha na kukichonga hadi kiwe mviringo safi, na cheti chake tunacho. Aliachiliwa Mei 1946, akaajiriwa na gereji moja hapa Nakuru, ambako msimamizi alimwonyesha mashine kama aliyoizoea Misri, akamwambia, "Hii utaifuta vumbi, hutaiwasha." Aliifuta miaka mitano. Tarehe 30 Juni 1951 alikiweka kitambaa juu yake, akatoka bila kuaga, akajenga kibanda cha mabati Bondeni, akaanza kununua vyuma chakavu na kufufua pampu na mashine ambazo wenyewe walishazitupa.

Kabla ya hapo, Jumamosi tarehe 13 Desemba 1947, alikuwa amefunga ndoa kanisani na Chepkemboi, huyu mliyemwona akija hapa kwa miguu yake bila kushikwa mkono na mtu, na Mungu akawapa Jeruto, mwaka 1948, Kiptanui, mwaka 1951, na Jepkosgei, Januari 1954.

Agosti 1952 alisikia kwamba mzungu mmoja wa Ndabibi, ambaye wafanyakazi wake walimwita Bwana Miwani, anauza vitu vya shamba arudi kwao, na kati ya vitu hivyo iko mashine ya kukereza. Alikwenda na Bwana Ndung'u, mwenye lori, ambaye yuko nasi leo na atanisahihisha nikikosea. Yule mzungu alimtazama, akasema, "Chuma nitakuuzia. Mashine sitakuuzia." Akaita watu wawili wenye nyundo kubwa, nao wakaipiga ile mashine mbele ya macho yake, miguu ikavunjika, gia zikang'oka meno, na kile kitanda kirefu cha chuma kinachobeba mashine nzima kikapasuka katikati. Walipomaliza, ndugu yangu alipiga magoti kwenye nyasi, akaokota kipande kimoja kimoja hata jino la gia lililoruka mbali, akahesabu arobaini na kimoja, akavipanga kwenye lori. Njiani Ndung'u alimwambia, "Micah, tumebeba takataka." Naye akamjibu, "Basi simamisha gari tufunike takataka yangu, mvua inakuja."

Kuanzia siku hiyo alifanya kazi ya miezi kumi na minne, akaunga kitanda kwa mabamba ya chuma na bolti, akatoboa gia mahali palipong'oka meno, akapigilia vyuma vidogo na kuvichonga kwa tupa, kisha akapaka masizi kwenye kioo na kukilaza juu ya kitanda, akakwangua kila mahali palipogusa masizi, siku baada ya siku, hadi kioo kilipolala sawasawa, na Oktoba 1953 mashine ikazunguka.

Wakati huo ulikuwa wa hali ya hatari, mnakumbuka, na tarehe 9 Machi 1954 askari walikuja na inspekta wao, wakakusanya spana zake, wakasema Mwafrika mwenye mashine ya namna hii bila shaka anatengeneza mitutu ya bunduki. Micah aliwaambia, "Nionyesheni bunduki moja. Kama hamna, nirudishieni spana zangu." Walimfunga pingu, wakataka kuipakia mashine, lakini Chepkemboi alikuwa amekaa juu yake akimnyonyesha Jepkosgei, akasema, "Pakieni. Lakini mtatupakia sote watatu." Waliondoka na Micah na spana zake tu, wakamweka siku kumi na moja, wakampa karatasi atie sahihi kwamba ameitoa mashine kwa hiari, akakataa kila siku, na walipomwachilia alikaa langoni pao siku tatu zaidi mpaka alipoletewa spana ya mwisho.

Baada ya hapo alikereza shafti za pampu kutoka Molo mpaka Naivasha, na wakubwa wa Milimani walituma magari yao kwake, na ile gereji ya zamani ilipoleta kazi kupitia mlango wa nyuma, alisema wapite mbele, foleni iko.

Kifua kilianza kumsumbua Novemba 1957, akalazwa hospitali Aprili 1959, daktari akamkataza kushika chuma, naye akawatengenezea magurudumu ya vitanda vya wodi nzima. Alifariki Jumatatu, tarehe 14 Septemba 1959, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini.

Mchana huo karani aliyeandika karatasi ya kifo alijaza kazi ya marehemu kuwa kibarua. Chepkemboi akaikataa. Karani akasema, "Mama, kuna tofauti gani, ameshakufa." Chepkemboi akamwambia, "Ndiyo maana hawezi kuja kukusahihisha. Nimekuja mimi." Alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya karani Jumatatu, Jumanne, na Jumatano mpaka saa tisa, na hiyo ndiyo sababu mmeitwa Ijumaa badala ya Jumatano, na kwa hilo hatuombi radhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Bondeni waliolala nje pamoja nasi, mafundi wenzake waliochonga msalaba huu, Bwana Ndung'u na lori lake, na kila aliyempelekea Chepkemboi chai kwenye lile benchi. Karatasi ninayo mkononi, imeandikwa upya kwa wino mweusi: Micah Kimaiyo arap Tanui, fundi wa kukereza vyuma.

Pumzika kwa amani, ndugu yangu, sisi tutafungua karakana Jumatatu.