Benchi la Nyuma Wakati wa Maombi

Ndugu zangu, na nyinyi mama zangu mliokaa mbele, jina la Bwana litukuzwe! Nawaomba ruhusa nishuhudie nikiwa nimekaa. Wanaonijua hapa mtaani cité wanajua sababu. Wageni mtaijua sasa hivi.

Mimi ni Numbi, mke wa Kasongo fundi seremala. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilikwenda Kipushi kumsalimu dada yangu. Wakati wa kurudi nilipanda motokari ya mizigo, nimekaa juu ya magunia ya unga pamoja na wanawake wengine. Kwenye mteremko motokari ikapinduka, na magunia yakanilalia mimi. Hospitalini Élisabethville daktari alisema mfupa wa nyonga umevunjika. Nililala chali miezi mingi, mifuko ya mchanga huku na huku ili nisigeuke. Ee Bwana! Nilitazama bati la juu mpaka nikajua kila msumari ulipo.

Mfupa uliunga, lakini uliunga upande. Nje hakuna kovu hata moja. Ukinikuta njiani utamwona mwanamke mzima anayetembea polepole kama mwenye maringo. Lakini wakati wa baridi, kuamka ni vita. Kuchuchumaa siwezi. Kukaa chini kwenye mkeka siwezi. Ndoo ya maji majirani ndio wanaonitwika. Na kupiga magoti, ndugu zangu, ndiko kulikotaka kuniharibia ndoa.

Kwetu mwanamke hampi mama mkwe chakula akiwa wima. Anapiga magoti, anaweka sahani, anapiga makofi taratibu, ndipo anaondoka. Mama yake Kasongo alipotoka kwao Lukafu kuja kukaa nasi, nilimletea bukari, ugali wetu, nimesimama. Aliitazama sahani, akaitazama miguu yangu, akageukia ukuta. Hakula. Kesho yake hakula tena. Akaanza kula kwa jirani, na cité nzima ikasema Numbi anamdharau mkwe wake!

Mtauliza, kwa nini hukumwambia? Mama zangu, nyinyi mnajua. Habari za nyonga ni habari za ndani ya nguo. Mkwe hazitaji mbele ya mama mkwe, na mwana wa kiume hawezi kumtajia mama yake kiuno cha mke wake. Wakati ule wa ajali Kasongo alimtumia salamu kwamba nimeanguka na nimepona, basi. Heshima ilinidai magoti, na heshima hiyo hiyo ilinifunga mdomo.

Kasongo alijaribu. "Mama, musikasirike, bibi yangu iko na bugonjwa kidogo."

"Bugonjwa gani?" mama akamjibu. "Kila siku anabeba ndoo ya maji ku kichwa! Miye shiwezi kula bukari ya muntu mwenye kunisimamia sawa polisi. Siku ya Mungu ikipita narudia ku Lukafu, na tunaenda naye. Nitamurudisha kwa bazazi yake."

Kasongo akachukua msumeno wake, akatoka nje. Nilimkasirikia, sifichi. Nilimkasirikia hata Mungu. Je, aliniokoa chini ya magunia ili nirudishwe kwetu kama sufuria iliyotoboka?

Jumapili tulikwenda kanisani wote watatu. Wakati wa maombi mimi hubaki kwenye benchi la nyuma. Siku ile mama mkwe alikaa ubavuni mwangu, na mhubiri aliposema tupige magoti, akaniangalia. Nikaogopa. Nikashuka.

Ndugu zangu, maumivu yale! Nilipiga kelele, nikaanguka ubavu, nikashindwa kuinuka. Maombi yakakatika. Kasongo alikuwa upande wa wanaume, akabaki amesimama tu. Mama mkwe ndiye aliyenishika kiunoni ili aniinue, na mkono wake ukaukuta mfupa jinsi ulivyokaa upande. Akauacha mkono pale.

"Hii ni nini, mutoto wangu?"

Hapo ndipo Bwana aliponifungua! Yale niliyoyaficha yakanitoka mbele ya kanisa lote, wanaume wakisikia. "Mama, ni nyonga. Ilivunjika mu motokari. Shikukatala magoti, mama. Shiwezi."

Mama mkwe alivua kilamba chake, kitambaa cha mabegani, akakikunja, akakitandika kwenye benchi, akanikalisha juu yake. Halafu naye akakaa kando yangu. Mhubiri akaendelea kuomba, kanisa zima liko chini, na sisi wawili tumekaa, mkono wangu ndani ya mkono wake. Nililia mpaka amina.

Mchana ule nilimletea bukari. Kabla sijamfikia, yeye mzee aliinuka kwenye mkeka, akaipokea sahani kwa mikono miwili, naye yuko wima. Akala yote, na mboga akaomba nyingine! Habari ya kunirudisha haikutajwa tena.

Mfupa wangu haujanyooka, sitawadanganya. Baridi ikija naamka kwa machozi. Lakini Mungu amenitoa katika aibu ile, na leo naitaja nyonga yangu mbele yenu bila kuinamisha kichwa. Asante, Bwana!

Mwaka huu tumemzika mama huyo. Kwenye kilio wanawake wote walikaa chini kama ipasavyo, nami nikabaki mlangoni, nikijiuliza nitakaa wapi watu wasiseme. Wifi yangu mkubwa akatoka chumbani na kiti, akakipitisha juu ya vichwa vyao, akakiweka karibu kabisa na mwili.

"Ikala, Numbi," akaniambia. "Mama mwenyewe alisema: siku yangu, mutoto wangu asikose kiti."

Ndugu yangu, labda nawe una jambo usiloweza kulitaja. Usijilazimishe kushuka chini ili watu wakuone mwema. Mwambie Bwana jinsi lilivyo, anamsikia hata aliyekaa. Na wakati wa maombi, kama magoti yanakataa, njoo huku nyuma. Mahali pa mama pako wazi, na kilamba chake nimekileta.