Mama Nyoosha na Saa Kumi ya Alhamisi

Marehemu ndugu yetu, tuliyezoea kumwita Mama Nyoosha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alitanguliza miguu, na tangu siku hiyo hakufanya jambo kama wenzake.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1985 na sekondari 1989. Mwaka 1994 alihitimu diploma ya fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, akaajiriwa hospitali ya wilaya, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye vitanda viwili na kioo kilichopasuka. Mwaka 1998 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa ya chumba hicho. Kazi ya nusu saa ilimchukua siku tatu. "Waya zilikuwa ngumu," anasema hadi leo. Hakuna anayemwamini.

Kiu ya marehemu ilikuwa watoto waliopinda uti wa mgongo. Aliomba mara sita mafunzo ya juu ya kuwatibu bila upasuaji, akayapata mwaka 2012. Alifundishwa kumpa kila mtoto mazoezi yake, kumvalisha koti gumu la kushikilia mgongo, na kumwonyesha namna ya kupeleka pumzi upande uliobonyea. Mzazi akimwambia mtoto "nyoosha mgongo!", alimjia juu: "Mgongo si shati la kupiga pasi! Mwache apumue!" Jina likamganda hivyohivyo.

Katikati ya mafunzo, aliporudi kazini, alikosea. Picha ya eksirei ya mgongo walifundishwa kuisoma kama unamtazama mgonjwa kwa nyuma. Yeye, kwa mazoea, aliisoma kama wametazamana. Binti wa miaka kumi na mitatu akafanya mazoezi ya upande usio wake siku tisa. Hakuna aliyegundua ila marehemu, na angeweza kunyamaza. Alimwita mama mtu.

"Mama, nimekosea mimi. Kulia nimefanya kushoto. Tuanze upya."

"Mwanangu si daftari la kujifunzia," mama akajibu, akamshika binti mkono. Hawakurudi.

Aliwatafuta, wakawa wamehama. Wenzake kumi na mmoja aliowafundisha baadaye, somo la kwanza lilikuwa kosa hilo. Na saa kumi ya Alhamisi, saa ya yule binti, hakumpangia mtu mwingine kwa miaka kumi na miwili. Alitaka jambo moja tu: kujua ule mgongo uliishia wapi.

"Mke wangu, huyo si ameshaolewa?" mumewe alimuuliza.

"Basi atakuja na mume."

Januari 2025 aligundulika na saratani ya kongosho. Alhamisi yake ya mwisho, akiwa hajiwezi, alimtuma dada yake akakae kwenye kile chumba saa kumi. Dada alikaa mpaka saa kumi na moja na nusu. Aliporudi, marehemu alitazama mlangoni nyuma ya dada, akatazama tena.

"Leo mvua ilikuwa kubwa," dada akasema.

"Eeh," akasema. "Wengi wameshindwa kutoka."

Alifariki Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, alfajiri.

Ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja anayekaa kitini vizuri kuliko wakwe wote, mjukuu, kaka na dada.

Ndugu yetu, lala kwa amani. Kungoja tuachie sisi.