Mchanga wa Nakalola Kwenda Baharini

"Fomu Na. 4B: Maoni ya Wadau wa Eneo la Chanzo cha Malighafi, katika Tathmini ya Athari kwa Mazingira ya Mradi wa Kurejesha Visiwa vya Mchanga Vinavyokinga Mikoko na Ardhioevu za Pwani." Ndivyo ilivyoandikwa juu ya karatasi moja ya rangi ya waridi, iliyoletwa kijiweni kwetu Masasi Jumatatu na kutakiwa irudi Alhamisi saa nne asubuhi. Kijiwe ni benchi mbili kwenye kibaraza cha Tahiri, fundi wa pampu za kupulizia mikorosho salfa, ambaye tunamwita Injinia kwa sababu pampu ikimshinda husema kosa ni la kiwanda. Kahawa anauza Faudhia, mama yake Kurwa. Bahari iko mbali nasi, nusu siku kwa basi ukijumlisha na kusimama njiani, lakini karatasi ilitutambua. Korongo la Nakalola, nyuma ya mtaa wetu, lina mchanga wa chembe nene, na wataalamu walitaka mchanga mzito usiosombwa na mawimbi, wa kujaza visiwa vinavyomegwa na bahari. Visiwa vikiisha, mawimbi yanaipiga mikoko moja kwa moja, na chumvi inaingia mashambani. Hilo ni jambo la kweli na hakuna aliyelicheka. Tulicheka mengine.

Kalamu alishika Mzee Abdulatifu, Katibu, aliyestaafu ukarani wa ghala la korosho lakini hajastaafu kujaza fomu.

— Swali la kwanza, alisoma. Umbali kutoka makazi ya mdau hadi ufukweni.

— Andika mita mia mbili, alisema Dadi.

Dadi anaendesha bodaboda. Jina lake la kijiweni ni Bandari, kwa sababu amefika Mtwara mara mbili na mara zote mbili amerudi na maelezo.

— Mita mia mbili za wapi?

— Za kwenda korongoni. Si wanasema mchanga wetu ndio unakuwa kisiwa? Basi ufukwe uko hapo nyuma, umelala unangoja lori.

Katibu alifikiri kidogo, akaandika: Inategemea.

— Swali la mchanga wenyewe liko wapi? aliuliza Faudhia, akijaza vikombe.

— La kumi na moja, Mama Kurwa. Tutafika. Kuna utaratibu.

— Mkifika mniite. Sisi kinamama tunachimba mle kila alfajiri.

— Kila mtu anachimba kitu mahali, alisema Injinia kwa heshima zote, akanyoosha kikombe.

Nieleze hapa, maana kijiwe hakikuuliza. Kiangazi, korongo la Nakalola halina maji juu. Yapo chini. Mwanamke anafukua mchanga kimo cha mkono, anangoja, maji yanajikusanya shimoni, anachota kwa kata na kujaza ndoo. Mchanga ukiondoka, maji hayana pa kulala. Haya niliyajua baadaye. Nayaweka mapema ili msomaji asikae na ujinga tuliokaa nao sisi siku tatu.

Jumanne tuliijadili bahari yenyewe.

— Dada yangu Mwanasha ameolewa kule, alisema Dadi. Mwaka juzi shamba lake la mpunga lote liliingia chumvi. Akipata kisiwa cha kumkinga, mimi mchanga nabeba kwa pikipiki.

— Kwa kiroba?

— Kwa kiroba.

Hapo hakuwa anatania. Kisha Injinia akaweka kikombe chini.

— Ila tuelewane. Mtu wa Masasi akihamia pwani, anabadilika kabila?

— Habadiliki.

— Na mchanga vilevile. Kile kisiwa kitakuwa kata yetu. Kinahitaji diwani.

— Na zahanati, alisema Katibu, ambaye alikuwa ameshaanza kuandika.

— Na mikorosho. Chumvi ya hewani itaua ukungu wa majani, hakuna haja ya kupulizia.

— Hakuna kupulizia, pampu utamtengenezea nani?

Injinia hakuwa amelifikiria hilo. Akahamia kwenye meli.

— Meli ikitia nanga kwenye mchanga wa Masasi, Masasi ina bandari. Jirani zetu Newala watakaa juu ya uwanda wao watuchungulie.

— Newala wanasema bahari wanaiona tangu zamani, alisema Dadi.

— Newala wanaona ukungu bondeni, wanausalimia.

Kufikia jioni, kisiwa kilikuwa na diwani, zahanati, shule ya kata na mgogoro wa mpaka na majirani wa Lulindi.

Jumatano tulifika swali la kumi na moja. Katibu alisafisha koo.

— Matumizi ya sasa ya malighafi kwa jamii.

— Mbuzi wanapita juu yake, alisema Dadi.

— Andika hakuna, alisema Injinia. Tukionekana tunautumia, watakwenda kuchukua wa Lulindi, na kisiwa kitakuwa cha Lulindi.

Hoja ilikuwa nzito. Katibu akaandika HAKUNA kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini kwa rula.

— Baba Hamidu, alisema Faudhia, akimwita Katibu kwa jina la mwanawe, umeandika nini hapo?

— Hakuna, Mama Kurwa.

— Hakuna nini?

— Matumizi.

— Na yale niliyowaambia ya kuchimba?

— Yako nimeyaweka kwenye mengineyo. Nimeandika: kinamama wanashirikishwa.

Faudhia alimtazama kitambo. Kisha akakusanya vikombe, hata cha Injinia kilichokuwa bado kina kahawa, akaenda zake.

Alhamisi saa tatu na nusu alishuka kwenye pikipiki binti mmoja mwenye buti za vumbi na begi la makaratasi. Alikuja kukusanya fomu, jina lake Nancy.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu benchi. Mama Kurwa, mpe mgeni kahawa.

— Imeisha, alisema Faudhia.

— Imeisha vipi asubuhi hii?

— Sina maji.

Dumu la maji lilikuwa chini ya meza yake, nusu. Niliona. Akaniona nikiona. Nikatazama barabara.

Nancy alisoma fomu. Alicheka kwenye "Inategemea", akatikisa kichwa kwenye zahanati, akafika swali la kumi na moja, akalisoma mara mbili.

— Samahanini wazee wangu. Mtaa huu maji mnachota wapi?

— Bomba hilo, alisema Dadi, akionyesha kando ya barabara.

Mdomoni mwa bomba nyigu walikuwa wamejenga, na wana wajukuu.

— Tanki la shule, alisema Injinia.

— Shule wanatuma ndoo kwetu, alisema Faudhia.

Katibu alivua miwani.

— Maji ya kahawa yanatoka kwa Mama Kurwa.

— Na Mama Kurwa anayatoa wapi?

Tulikuwa tumekunywa kahawa ile miaka kumi na moja. Kwetu mwanaume haendi kuchota maji. Ndiyo desturi, na tulikuwa tumeiheshimu mpaka hatujui njia.

— Twendeni, alisema Faudhia, akibeba birika na vikombe. Na nyie vilevile.

Tulishuka korongoni kwa mstari, Katibu na miwani yake, Injinia na bisibisi mfukoni. Wanawake waliokuwa mashimoni walisimama kutuangalia, mmoja akauliza nani amefariki. Faudhia alimkabidhi Katibu kata.

— Fukua, Baba Hamidu.

Alifukua mpaka kiwiko. Tukangoja. Maji yakaja, ya matope kwanza, kisha yakatulia yakawa meupe. Injinia alipiga magoti, akauliza yanasukumwa na nini. Wanawake walicheka mpaka ndoo moja ikamwagika.

Nancy alihesabu mashimo thelathini na mawili. Akatoa kalamu afute HAKUNA, Katibu akamzuia na kufuta mwenyewe, kisha akaandika chini yake bila rula: Tunakunywa.

— Na dada yangu je? aliuliza Dadi. Yeye chumvi haingoji fomu.

— Mchanga mnene upo hata mdomoni mwa mto, kulekule pwani, alisema Nancy. Haujapimwa tu.

— Kwa nini mlianza na sisi?

— Wiki ile ofisini gari lililokuwepo lilikuwa la kuja Masasi.

Faudhia alipanga mafiga matatu palepale mchangani, akawasha moto, akatengeneza kahawa. Tulikunywa tukiwa tumechuchumaa, na wanawake wakatuuliza habari za zahanati yetu ya kisiwani. Dadi alibeba ndoo mbili kwa pikipiki hadi mtaani, na tangu siku ile anaombwa kubeba.

Mchanga wa mdomoni mwa mto ulipimwa, ukafaa, na kisiwa kikaanza kujazwa kwa huo. Mwanasha amepanda mpunga. Kutoka Nakalola vilichukuliwa viroba viwili vya sampuli.