Papa Josias Cirimwami, Aliyemfunza Rafale Kazi (1957–2025)

Papa Josias Cirimwami alizaliwa Nyangezi, Kivu ya Kusini, tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa kwanza wa mwindaji aliyefuga mbwa sita. Miaka kumi na minne baadaye alizaliwa mdogo wake Joël, ndiye anayewasomea maneno haya.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri pale Nyangezi, kisha akajifunza utabibu wa mifugo Bukavu, akapata diploma mwaka 1979. Wenzake walimcheka sana, kwa sababu mbwa aliwaita "vous", Kifaransa cha kumwita mtu wa heshima. Alisema mbwa anatambua anayemheshimu.

Tarehe 21 Julai 1984 alifunga ndoa na Maman Émérance. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Régine na Gracieuse. Vita vya 1996 viliwatoa Bukavu kwa miguu. Mwaka 1999 wakafika Brussels, wakapata nyumba Anderlecht. Hapa diploma yake haikutambuliwa. Alipakia masanduku ghalani miaka kumi na miwili, na diploma akaishusha ukutani mwenyewe.

Mwaka 2012 mkulima mmoja wa mboga, nje kidogo ya Anderlecht, alimchukua kufukuza kwa mbwa sungura waliokuwa wakimaliza saladi yake. Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda. Mbwa wake wa mwisho aliitwa Rafale, jike mwembamba mwenye miguu mirefu. Baba yake alikuwa mbwa wa mbio, mama yake mbwa wa kuchunga kondoo. Alimfunza kungoja ishara ya mkono, kusukuma sungura hadi kwenye ua wa miti bila kuwagusa, na kurudi kwa mluzi mmoja. Mtaani Rafale alikaa chini kila Papa aliposimama kusalimu mtu, na Papa alisalimu kila mtu. Kwenda kununua mkate kulichukua saa nzima.

Joël, aliyekuwa akiishi kwao, aliona mbio zile akatamani kumpeleka uwanjani, mahali mbwa wanapokimbiza kitambaa kinachovutwa na mashine. Marehemu alikataa.

"Huyu ni mutoto bado," alisema. "Mbwa mukubwa anajua kazi ni gani, muchezo ni gani. Huyu ukimukimbiza sasa, atafikiri kila kitu chenye kukimbia ni chake. Acha afikishe myaka mbili."

"Lakini grand, mbwa wa mbio ataharibika namna gani juu ya kukimbia?" Joël alimuuliza kaka yake.

"Nimesema hapana."

Aprili 2018, Rafale akiwa na miezi kumi na moja, Joël alimpeleka kwa siri Jumapili nne, akidai anamtembeza. Jumapili ya nne Rafale alishinda, wakapewa utepe wa bluu.

Mwezi wa Mei mbwa akabadilika. Alitetemeka getini, akabweka, akatoka mbio kabla ya mkono. Mluzi hakuusikia tena. Marehemu hakuelewa. Alimrudisha kwenye kamba, akaanza mafunzo upya kama kwa mtoto wa wiki nane. Alimwambia mkewe: "Émérance, labda ni mimi. Labda mikono yangu imezeeka." Joël alikuwa mezani. Aliendelea kula.

Tarehe 5 Juni 2018 mzee mmoja alipita kando ya shamba kwa baiskeli, koti lake likipepea. Rafale alichomoka. Marehemu alipiga mluzi mpaka pumzi ikamwisha. Mzee alianguka, akavunjika nyonga. Mkulima alimwachisha Papa kazi siku ileile, akisema mbele ya wafanyakazi wote kwamba watu wa kwao hawajui mbwa. Rafale alichukuliwa, akachomwa sindano ya kumuua. Papa mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa.

Wiki iliyofuata aliukuta utepe katika koti la Joël.

"Mara ngapi?"

"Quatre. Mara nne."

"Donc mwezi muzima uliniona najilaumu, ukanyamaza."

Joël alihama nyumba ile. Marehemu hakufuga mbwa tena, wala hakumsemesha mdogo wake kwa miaka sita.

Ugonjwa wa mapafu ulimshika Machi 2024. Joël alikwenda hospitali kila siku; kila siku marehemu aligeukia ukuta. Siku moja tu alizungumza: "Unangoja niseme imeisha. Haiyaisha. Lakini siku ya kunizika utasoma wewe, na utasema yote. Usiruke ya Rafale. Watu bado wanafikiri sikujua kazi yangu."

Alifariki tarehe 11 Januari 2025, saa nne asubuhi, Maman Émérance akiwa kando yake. Joël alikuwa koridoni, kwa sababu hakuruhusiwa kuingia.

Papa Josias aliijua kazi yake. Kosa halikuwa lake.

Ameacha mjane, Maman Émérance; mabinti wawili, Régine na Gracieuse; wajukuu watano; na mdogo mmoja.

Bwana umpe pumziko ambalo sisi nduguze hatukumpa. Apumzike kwa amani.