Mlezi wa Kangaruu Wasio na Majina

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na kwa desturi yetu Wawarlpiri wa jangwa la Australia, marehemu haitwi kwa jina, roho yake isije ikarudi, hivyo jina lake halitatoka kinywani mwangu leo, nitamwita Nakamarra, jina la ukoo wake, na mnaelewa.

Nakamarra alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 kwenye shamba la ng'ombe karibu na Yuendumu, akasoma shule ya misheni, akaajiriwa kazi ya usafi katika zahanati mwaka 1969, akaolewa na Japaljarri tarehe 3 Juni 1972, wakajaliwa watoto watatu, wa nne nikiwa mimi, kwa kula tu.

Mwaka 1984 alimtoa kangaruu mchanga, hai, sikio moja limechanika, katika mfuko wa mama yake aliyegongwa na lori, akamtia kwenye foronya, akaitundika kwenye kitasa cha mlango, akamlea kwa chupa, akampa jina Biskuti, naye akiitwa huja mbio, na alipokomaa dada akamwachia jangwani.

Sasa niseme ninalolificha. Tarehe 2 Novemba 1985 nilikwenda kuwinda, kangaruu akanifuata hadi kwenye gari, nikampiga risasi, nikampelekea dada nyama pamoja na kichwa kwa majigambo, "Dada, huyu kajileta mwenyewe!" Akaliona lile sikio la Biskuti lililochanika, akaketi chini, nikatamani ardhi inimeze, naye akasema, "Kosa si lako, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemzoesha kuitwa."

Tangu hapo hakumpa jina kangaruu yeyote, aliyetoka kwenye foronya hakubembelezwa tena, alifukuzwa kwa ufagio na kubwekewa na mbwa mpaka atuogope, huku dada machozi yakimtoka, na jamani, sitini na mmoja waliondoka hivyo bila kugeuka, hata mmoja hakuisogelea bunduki yangu, na mimi mwindaji nilikuwa nikisimama pale nimevua kofia.

Mwaka 2016 figo zilimshinda, akawa anasafishwa damu mjini Alice Springs mara tatu kwa wiki, hadi alipofariki tarehe 9 Mei 2019, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa zahanati, na majirani waliovumilia foronya zao kupotea kwenye kamba za nguo.

Dada, ulimi unaniwasha kulitaja jina lako, lakini sikuiti. Nenda, usigeuke nyuma, upumzike kwa amani.